Tuta tulijenge wenyewe usiku, au kuna njia nyingine? Barabara ya Mnazi Mmoja–Masasi inatumalizia watoto

Bi Somoe

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za huko mliko.

Mimi nakaa kijiji kimoja kati ya Mnazi Mmoja na Mtama, hapa Lindi, kwenye barabara ya kwenda Masasi. Nauza korosho za kubangua na mihogo ya kukaanga kando ya lami tangu mwaka 2009, kwa hiyo barabara hii naijua kwa sauti. Nikiwa nimeinamia karai langu nasikia kama linalokuja ni basi, fuso au semitrela yenye mzigo, na nasikia kama dereva amepunguza mwendo. Wengi hawapunguzi.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa darasa la tatu, aligongwa na lori akivuka kwenda shule. Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa napuliza moto. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kiatu. Siendelei zaidi ya hapo, maana bibi yake bado hawezi kulisikia jambo hili likisimuliwa, na sisi tunaonana kila siku kisimani.

Baada ya maziko vijana walikusanya mawe wakataka kufunga barabara. Mtendaji na mwenyekiti wakawatuliza. Sasa msimu wa korosho unarudi na maneno yameanza upya, safari hii wanataka kujenga tuta la mawe na udongo usiku, asubuhi kila dereva alikute. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule na wameniuliza nipo upande gani. Nimeshindwa kuwajibu. Moyo unasema wajenge, akili inasita.

Niwaeleze palivyo. Shule na ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, viko upande wa kusini wa barabara, nyumba nyingi ziko kaskazini. Msimu ukifika watoto wanavuka palepale wanapovuka watu wenye baiskeli zilizobeba magunia, na malori yanasubiri kupakia yakiwa yameegeshwa pande zote mbili za lami. Ukitokea upande wa Masasi kuna kimteremko, halafu kona, halafu mwembe mkubwa, ndipo unatuona. Kibao cha 50 kipo, ila matawi yamekifunika hata mimi mwenyeji nilikuwa nimekisahau. Na usiku wa msimu wa jando na unyago watu wanatoka ngomani kwa makundi, wamevaa nguo zozote zile, taa hakuna. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, saa nane za usiku siyo saa ya barabara kulala tena.

Toka yule mtoto afariki naandika kwenye daftari la hesabu za biashara, kurasa za nyuma. Kila tukio ninaloliona au kuletewa habari yake nikaenda kupaona, hata lile ambalo mtu hakuumia: baiskeli iliyoingia mtaroni, bodaboda aliyeangukia lori bovu lililowekewa matawi tu nyuma yake. Yamefika 11. Saba kati ya hayo yametokea ndani ya hatua 100 kutoka kwenye ule mwembe.

Nimekwenda ofisi moja wakaniambia barabara hii siyo yao. Nikaenda ya pili wakasema niandike barua. Niliandika, nikaipeleka kwa mkono, na mpaka leo sijapata jibu.

Kuna jambo jingine linanikosesha usingizi. Lori linapakia Masasi, mkoa wa Mtwara. Linaingia kwetu Lindi, linapita milangoni mwetu, likifika Mnazi Mmoja linakunja kulia na kurudi tena mkoa wa Mtwara hadi bandarini. Mzigo si wetu, gari si letu, sisi ni wa kupitiwa katikati. Hivi kuna kikao chochote ambacho watu wa mikoa hii miwili wanakaa pamoja wakasema malori ya msimu huu yatapitaje?

Naomba kujua: tujenge tuta au tusijenge? Na kama tusijenge, tunashika mlango gani, tuanze na nini kabla ya mnada wa kwanza wa korosho?

Kijiwe cha Ndanda

Bi Somoe, pole sana, na pole kwa jirani yako. Naomba nikujibu bila kuzunguka: msijenge.

Mimi naendesha bodaboda. Kijiji nilichozaliwa tulijenga. Mama mmoja alikuwa amegongwa, hasira ilikuwa juu, tukabeba mawe usiku mmoja tukamaliza. Hatukuwa na rangi wala kibao wala kitu cha kuonya kabla. Usiku wa nne ikanyesha. Mwenzetu wa kijiweni alikuwa anarudi kumpeleka mgonjwa, mtu wa hapohapo, aliyeshiriki kubeba mawe kwa mikono yake, akasahau kwa uchovu. Alilivaa tuta akiwa kwenye mwendo. Nyonga ilivunjika, na leo hii anatembelea gongo. Bodaboda yake ilikuwa ya mkopo.

Halafu tukaona jambo ambalo hatukulifikiria. Malori yalianza kulikwepa. Tuta letu lilikuwa limeishia kwenye ukingo wa lami, basi dereva anashusha matairi ya kushoto kwenye udongo ili aruke upande mmoja tu. Na huko kwenye udongo ndiko wanakotembea watoto. Tulikuwa tumewavutia malori kwa mikono yetu. Baadaye greda lilikuja likalifagia, na hakuna aliyelia.

Tulichofanya kikasaidia ni kidogo lakini kipo mpaka leo. Kijiwe tulikubaliana kwamba hakuna mshikaki wa wanafunzi. Atakayeonekana amebeba watoto watatu anakaa nje ya foleni siku nzima. Kila asubuhi wawili kati yetu wanakwenda kivukoni na bendera nyekundu na vizibao vya kung'aa, wanawavusha watoto pamoja na mwalimu wa zamu. Tulianza kwa kuongea na polisi kata ili atuonyeshe namna ya kusimama na namna ya kumpa dereva ishara mapema. Usiruhusu mtu aruke tu barabarani na bendera, naye atagongwa. Abiria wa asubuhi tunawakosa wawili watatu. Hatujawahi kukaa kikao cha kulilalamikia hilo.

Dereva wa Kusini

Nimesoma hii nikiwa nimepaki Mangaka. Nimeendesha barabara hiyo miaka 16, korosho, saruji, na siku hizi makaa ya mawe kutoka Songea kwenda Mtwara. Bi Somoe, mwembe wako naujua.

Nitasema upande wetu, siyo kujitetea. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Mtoto akitokea, toka jicho limwone mpaka mguu ubonyeze breki, sekunde moja na nusu imeondoka. Hizo ni mita 33 na gari halijaanza hata kupungua. Ukiwa kwenye 50 ni mita 21. Baada ya hapo ndipo breki zinaanza kazi, na gari lenye tani 30 mgongoni halisimami kama Noah. Kutoka kwenye ile kona mpaka mnapovukia hakuna nafasi ya mtu wa 80 kusimama. Haipo hata kama breki ni mpya. Kwa hiyo kupunguza ukishawaona watu ni kuchelewa, lazima mtu awe amepunguza kabla ya kona.

Sasa kitu ambacho naona hakijasemwa. Umesema saa moja kasoro dakika ishirini. Anayetoka Masasi saa hiyo anakwenda mashariki, na mwezi wa Oktoba jua limeshatoka, liko chini, linampiga machoni. Pale kwenye kimteremko unashusha kile kizuizi cha jua, unainamisha kichwa, na ukitoka kwenye kivuli cha mwembe kuingia mwangani kuna kitambo unaona weupe tu. Mtoto mwenye shati jeupe kwenye huo weupe haonekani. Nimewahi kupita pale nikamwona mtu akiwa ameshafika ubavuni kwangu. Sikulala vizuri siku ile.

Hiyo haimwondolei dereva kosa. Asiyeona anatakiwa apunguze. Lakini ukijua sababu utajua pa kuwavushia watoto, na siyo hapo.

Jambo la pili ni malori yaliyoegeshwa ghalani. Tunapanga foleni barabarani kwa sababu ghala halina uwanja wa kuegesha, na tajiri anataka gari liwe karibu ili lisipoteze zamu. Mtoto anatokea katikati ya matela mawili, hakuna dereva duniani atakayemwona. Hilo AMCOS wenyewe wanaweza kulimaliza bila kusubiri mtu. Wafyeke uwanja nyuma ya ghala, watoe namba, sisi tutakaa hukohuko. Anayeshika namba haogopi kupitwa.

Na tela likiharibika, matawi hayatoshi. Pembetatu za kung'aa ni lazima ziwepo kwenye gari, na utingo azipeleke mbali nyuma, asiziweke chini ya bampa. Nimewaambia vijana wangu hivyo mpaka wamenichoka.

Bi Somoe

Kaka dereva, leo asubuhi nimekwenda kusimama pale kwenye kona saa hiyohiyo, nikageuka kuangalia kwetu. Nimeona ulichosema. Nimeona watoto wanavuka kama vivuli, wengine sikuwaona kabisa, na mimi nilikuwa nimesimama, sikuwa kwenye mwendo. Miaka yote hii niliitazama barabara kutokea karai langu, sikuwahi kuitazama kutokea upande wa usukani. Nashukuru.

Fundi Sanifu Mstaafu, Mtwara

Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi za barabara zaidi ya miaka 30, nimestaafu, nalima korosho. Naomba uvumilivu wako, nitaandika kwa kirefu.

Kwanza umiliki, maana hapo ndipo ulipozungushwa. Barabara ya Mnazi Mmoja hadi Masasi ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara za wilaya na zile za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo njia inayotoka nyumba za kaskazini hadi kwenye lami inaweza kuwa ya TARURA, lami yenyewe ikawa ya TANROADS, na mtoto wako anapita kwenye mikono ya taasisi mbili kabla hajafika darasani. Hata malori ya Ruangwa yanayoingilia Nanganga, na ya Songea yanayopitia Tunduru na Masasi, yote ni mzigo wa barabara yako. Ndiyo maana nasema suala lako si la tuta moja. Linahitaji kupangwa na watu wote wanaoitumia barabara hii.

Mlango ulioukosa unaitwa Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, katibu wake ni meneja wa TANROADS wa mkoa, na wabunge na wenyeviti wa halmashauri wanakaa humo. Barua ya mtu mmoja haifiki kule kirahisi. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unafika. Mkutano huo kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Suala liandikwe kwenye ajenda, lipite, liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani alibebe hadi halmashauri, na mwenyekiti wa halmashauri aingie nalo kwenye Bodi. Nakala moja mpeleke kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Anayepeleka ombi mwezi wa Mei anakuta hesabu zimeshafungwa. Ninyi mna wakati mzuri, msiuchezee.

Pili, daftari lako. Binti yangu, hilo ni la thamani kuliko unavyodhani. Wahandisi wanatafuta mahali ambapo ajali zinajirudia, na taarifa nyingi za ajali ndogo haziwafikii kwa sababu hakuna aliyekwenda polisi. Matukio 7 ndani ya hatua 100 yanasema tatizo liko kwenye mahali, haliko kwa dereva mmoja mbaya. Chora ramani kwa mkono: kona, mwembe, ghala, shule, njia za miguu. Weka alama ya kila tukio, saa yake na upande gari lilikotokea. Toa nakala. Daftari lenyewe usimwachie mtu.

Tatu, mnachoomba. Msiandike "tunaomba tuta" mkaishia hapo. Tuta likiwekwa chini ya mteremko baada ya kona, ni hatari lenyewe. Dereva aandaliwe: kibao kinachoonekana mapema, halafu rasta, vile vituta vyembamba vya mfululizo, kabla ya kona zimtikise aamke, kisha kibao cha 50, ndipo tuta pana lenye mgongo bapa na kivuko kimechorwa juu yake. Na tuta livuke ukingo wa lami ili lisikwepwe, kama alivyosema ndugu wa Ndanda. Rasta ziwekwe mbali kidogo na nyumba, maana mlio wake usiku ni adha, watu wataomba ziondolewe na mtarudi mwanzo. Kituo cha daladala nacho kisogezwe, gari lisimame likishakipita kivuko, ili anayeshuka avuke nyuma ya gari na aonekane. Njia ya waenda kwa miguu kutoka ghala hadi shule muiombe pia. Hiyo ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayookoa.

Watu wengi hudhani mwendo ukizidi kidogo si kitu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takriban asilimia 4. Kinachotafutwa ni kila gari lipungue kidogo, kila siku, hata trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo asipokuwepo.

Pale Dar es Salaam shirika la Amend lilifanya kazi ya namna hii kwenye shule za msingi zilizo kando ya barabara zenye magari mengi. Waliweka njia za miguu, matuta, vivuko, na mahali pengine geti la shule likahamishwa liangalie upande wenye utulivu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Kuhamisha geti ni kazi ya fundi seremala na mafundi wawili wa matofali. Angalieni geti lenu linatazama wapi.

Nne, nitasema lililo gumu. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Banda lako la mihogo bila shaka limo ndani yake. Si kwamba nataka ufukuzwe. Wateja wako wanasimamisha magari ghafla kukufuata, na wengine wanavuka lami kuja kwako. Ukiliandika kila kosa la dereva kwenye daftari, andika na hilo.

La mwisho, mipaka. Andikeni barua moja na vijiji vya upande wa Masasi, ipelekwe kwenye Bodi zote mbili, Lindi na Mtwara, iombe mameneja na wakuu wa usalama barabarani wa mikoa yote miwili wakutane kabla ya minada kuanza, pamoja na vyama vikuu vya ushirika na wenye malori. Wakubaliane wapi malori yatapumzika, saa zipi yasipite mbele ya shule kwa msururu, na askari wapangwe kwa kufuata barabara badala ya mpaka wa mkoa. Hilo halihitaji lami mpya.

Na wasomaji wa Tandahimba na Newala, nawaomba. Kipande cha Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160, kinajengwa kwa lami. Yasemeni mambo haya kwa mkandarasi na mhandisi mshauri wakati kazi inaendelea. Njia ya miguu iliyomo kwenye mchoro ni gharama ndogo. Ile inayoombwa baada ya msiba inasubiri bajeti.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza mawili, nipo kazini.

Majeruhi msimbebe kama gunia. Nimepokea watu walioletwa wamekunjwa nyuma ya bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma, na jeraha la shingo ambalo huenda lilikuwa dogo limekuwa kubwa njiani. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwacheni alale, mzibe damu kwa kitambaa safi kwa kukandamiza, mtafute gari ambalo anaweza kunyooshwa. Mlango au ubao mpana unafaa kuwa machela, na watu wanne wamnyanyue kwa pamoja. Kijiji kiwe na namba za wenye magari wawili watatu waliokubali kuitwa hata usiku, zibandikwe ukutani kwa mtendaji, dukani na kijiweni.

Na kofia ngumu. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi duniani umeonyesha inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ndugu wa Ndanda, abiria naye ana kichwa. Mkanda ufungwe kidevuni. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani nimeiona mara nyingi sana ikiletwa wodini mkononi mwa ndugu, haina hata mkwaruzo.

Bi Somoe

Nimekaa siku kumi bila kujibu kwa sababu nilikuwa nazunguka. Naomba radhi, na nawashukuru mmoja mmoja.

Vijana nimewasomea maneno ya kaka wa Ndanda kwenye simu, kwa sauti, pale kijiweni. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni mjomba wa marehemu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza yule aliyevunjika nyonga anaitwa nani, anaendeleaje. Nikamwambia simjui jina. Tuta la usiku limekwisha hapo, mawe wameyapeleka shule kujazia mtaro.

Kibao cha 50 kinaonekana sasa. Mtendaji aliomba ruhusa kwanza, akaelekezwa matawi gani yakatwe, na tukayakata asubuhi moja. Mwembe wenyewe tumeuacha.

Mahali pa kuvushia watoto tumepasogeza hatua 150 upande wa Mnazi Mmoja. Pale kona iko mbali na dereva anawaona hata jua likiwa usoni. Wazazi wa nyumba za mwisho wamelalamika kwamba watoto wao wanatembea zaidi, na ni kweli wanatembea zaidi. Mwalimu mkuu amekubali wavuke kwa makundi, siyo mmoja mmoja, na polisi kata amekuja siku mbili kuwafundisha wanaoshika bendera. Wameanza wanne. Wawili ni bodaboda, mmoja ni mama wa uji, mwingine ni yule mjomba.

AMCOS wamekubali kufyeka uwanja nyuma ya ghala. Bado namba. Mwenyekiti wao anasema hajawahi kuona jambo hilo, nikamwambia hata zahanati wanatoa namba.

Banda langu nimelirudisha nyuma. Mzee wangu, nililia kidogo uliponiambia, kwa sababu nilijua ni kweli. Kuna tukio moja ambalo sikuliandika: gari dogo lilisimama ghafla kununua kwangu, na lililokuwa nyuma yake likaingia mtaroni. Sikuliandika kwa kuwa lilinihusu. Sasa nimeliandika, yamekuwa 12. Wiki ya kwanza nimeuza nusu ya kawaida. Wenye magari wanaojua mihogo yangu wameanza kuingia mpaka ndani kwenye kivuli.

Barua imeandikwa. Vijiji viwili vya huku kwetu na kimoja cha upande wa Masasi vimesaini, ramani imeambatanishwa, muhtasari wa mkutano mkuu utafuata, na diwani ameahidi mbele ya watu kuiingiza kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nimeweka tarehe hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari. Nakala za Lindi nitazipeleka mwenyewe. Nakala za Mtwara natafuta mtu anayekwenda mjini wiki hii, anayeweza kuzifikisha na kunirudishia nakala yenye mhuri wa mapokezi. Safari hii sitoki bila mhuri.

Kaka dereva, mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Ukiwa unapita, tunaomba uje uwaeleze wazazi habari ya jua na zile mita 33, maana mimi nikisema wanaona nimesoma mahali. Lori uliweke nyuma ya ghala, usilisimamishe barabarani. Chakula kipo.